Manowari zilizozama: nani mwenye neno juu ya maiti zilizomo?

Mwezi uliopita, katika darsa ninayosomesha msikitini kwetu kati ya Maghrib na Isha, tulifika kwenye mlango wa Janaiza, pale mafakihi wanapozungumzia suala la kufukua makaburi. Nilikuwa nimeshaeleza kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafii (r.a.) kufukua kaburi baada ya maiti kuzikwa ni haramu isipokuwa kwa dharura, na nilikuwa naanza kuzitaja dharura zenyewe, mara mzee mmoja ambaye siku zote hukaa karibu na nguzo akanyoosha mkono. Mzee huyu si mtu wa kuuliza maswali. Akasema: “Ustadh, hayo ni ya waliozikwa. Na waliozama na meli je? Kule waliko ni kaburini au si kaburini?”

Nilimjibu harakaharaka, kama tufanyavyo walimu tunapotaka kumaliza somo kabla ya adhana: bahari ndiyo kaburi lao. Hakuridhika. Baada ya swala alinishika mkono tukakaa barazani, akanieleza kwamba baba yake alichukuliwa uaskari wakati wa vita vya Hitler, akapanda meli Mombasa kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na hakufika. Yeye mzee wakati huo alikuwa tumboni. Kilichorudi nyumbani ni barua, na baadaye vijisenti. Miaka yote hiyo mama yake alimwambia kwamba baba yako Mwenyezi Mungu amemzika mwenyewe, na maneno hayo yalimtosha. Sasa mjukuu wake amemsomea kwenye simu habari za meli za vita ile ile, zilizozama na watu wake, ambazo zinanyofolewa baharini kwa kreni na kuuzwa vyuma chakavu. Mzee anataka kujua kama baba yake naye atauzwa kwa kilo.

Ndugu msomaji, swali hilo lilininyima usingizi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kwa maelezo yake, sina shaka kwamba meli anayoizungumzia ni Khedive Ismail. Ilikuwa meli ya abiria iliyotumiwa na Waingereza kuchukua askari. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 katika msafara uliosindikizwa na manowari, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi wao, karibu elfu moja, walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na walikuwamo pia wauguzi wanawake wa Kizungu. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliipiga kwa makombora, na meli ikazama katika dakika chache tu. Walikufa watu 1,297. Waliobahatika kutoka wakawa wanaelea majini, lakini nyambizi ilijificha chini yao, na manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zikaingia kuisaka kwa mabomu ya majini watu wakiwa bado wanaogelea pale pale. Nyambizi nayo ikazamishwa. Huo ndio uamuzi wa vita. Sitaki kuuhukumu nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Watoto wetu mashuleni hawafundishwi habari hii. Wanafundishwa Hiroshima.

Sasa turudi kwenye hofu ya mzee, kwa sababu si hofu ya kuzua. Mwaka 2016 kikundi cha wapiga mbizi kilikwenda Bahari ya Java, nchini Indonesia, kujiandaa na kumbukumbu ya miaka 75 ya mapigano ya majini ya Februari 1942, ambapo Wajapani waliwashinda Waholanzi na washirika wao. Manowari mbili kubwa za Uholanzi, De Ruyter na Java, zilikuwa zimeonekana sakafuni mwa bahari mwaka 2002. Safari hii vyombo vya kupimia vilionesha alama tu kwenye mchanga, umbo la meli bila ya meli. Ya tatu, Kortenaer, sehemu yake kubwa haikuwepo. Manowari za Kiingereza Exeter na Encounter nazo zilikuwa zimekatwakatwa. De Ruyter peke yake ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 170. Meli ya kiasi hicho haiibwi na mvuvi mwenye ngalawa. Inaondolewa na mtu mwenye tishari, kreni, mafuta ya kutosha, mnunuzi anayemsubiri bandarini, na mkubwa fulani aliyefumba macho.

Uholanzi ilipaza sauti kwamba hayo yalikuwa makaburi ya mamia ya mabaharia wake. Na maafisa wa Indonesia walijibuje? Walisema kwamba serikali ya Uholanzi haikuwahi kuwaomba wazilinde meli zile, hivyo zikipotea wasilaumiwe wao. Nilipolisoma jibu hili mara ya kwanza, nakiri, nilicheka kidogo kwa furaha mbaya. Nilisema moyoni: Mholanzi aliyeikalia nchi ya watu kwa karne na karne, akachukua karafuu na kungumanga zao, leo analalamika kwamba chuma chake kimechukuliwa! Wangapi miongoni mwetu wasingecheka? Lakini Indonesia ni nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, na jibu lile si jibu la Kiislamu. Tena si la kibinadamu. Humo mlikuwamo pia mabaharia wa Kiindonesia waliokuwa wakimtumikia mkoloni. Je, hao nao walitakiwa kuombewa ulinzi na Uholanzi?

Wala jambo halikuishia hapo. Mei 2023 Malaysia ilikamata meli iliyosajiliwa China ikishukiwa kunyofoa mabaki ya Prince of Wales na Repulse, manowari za Kiingereza zilizozamishwa tarehe 10 Desemba 1941 zikiwa na watu zaidi ya 800 waliokufa. Ndani ya meli ile mlikutwa chuma chakavu na makombora ya mizinga ya zamani. Kwa hiyo biashara ipo, na wanaoifanya wanajua wanachokifanya.

Serikali za Magharibi zimejibu kwa sheria. Uingereza ilitunga yake mwaka 1986: mabaki ya meli ya kijeshi yakitangazwa kuwa mahali palipolindwa, unaweza kuyatazama lakini usiyaguse wala usiingie ndani. Marekani ikafuata mwaka 2004 na sheria inayosema kwamba meli yake ya kijeshi iliyozama inabaki kuwa mali ya serikali popote ilipo, hata ipite miaka mingapi, mpaka serikali yenyewe itamke kwamba imeiacha. Mtu akisoma juu juu ataona hawa wenzetu wanawajali wafu wao kuliko sisi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini tusome tena. Msingi wa sheria ya Marekani ni umiliki. Meli ni yangu, usiguse. Maiti analindwa kwa kuwa yumo ndani ya mali ya serikali, kama vile mgeni wako anavyolindwa na kufuli la mlango wako.

Tatizo la msingi wa aina hii linaonekana pale mwenye mali anapobadili mawazo. Manowari ya Kiingereza Edinburgh ilizama mwaka 1942 katika bahari ya kaskazini ya Urusi, ikiwa imebeba vipande 465 vya dhahabu ambavyo Warusi walikuwa wakilipia silaha. Ilihesabiwa kuwa kaburi la vita. Mwaka 1981 serikali ile ile ya Uingereza ikaruhusu kampuni ishushe wapiga mbizi, wakakata ubavu wa meli na kutoa vipande 431. Dhahabu ikagawanywa baina ya kampuni, Uingereza na Umoja wa Kisovieti. Ni kweli waliwekewa sharti la kukata chuma badala ya kulipua, kwa ajili ya heshima ya waliomo. Lakini swali la kujiuliza ni hili: ingekuwa meli ile imebeba maharage, nani angeshuka?

Ipo kesi nyingine inayonikera zaidi, ya Mercedes, meli ya kivita ya Hispania iliyolipuka mwaka 1804 ikitoka Amerika ya Kusini. Kampuni ya Kimarekani ilitoa humo mwaka 2007 sarafu zaidi ya laki tano. Hispania ikashitaki, na mwaka 2012 mahakama za Marekani zikamaliza shauri: meli ni ya kijeshi, ni ya Hispania, irudishiwe. Peru nayo ilisimama ikasema fedha ile ilitoka katika ardhi yetu na sarafu zikapigwa kwetu. Hakusikilizwa. Katika hesabu ya bendera, aliyetawaliwa hana bendera siku ile meli ilipozama, kwa hiyo hana neno leo.

Sasa rudisha hesabu hiyo kwa Khedive Ismail. Nani mwenye neno juu ya baba wa mzee wetu? Meli ilikuwa katika utumishi wa Mwingereza. Bahari ni ya mbali. Tanganyika ya wakati ule haikuwa dola. Kwa mantiki ya bendera mzee huyu hahusiki kabisa, naye ndiye mtoto wa maiti!

Uislamu hauanzii kwenye bendera. Unaanzia kwenye mwili wa mwanaadamu ambaye Allah (s.w.) amemtukuza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Na lilipopita jeneza la Myahudi akasimama, akaambiwa kuwa yule ni Myahudi, alijibu kwa kuwauliza kama hiyo nayo si nafsi. Hapo hapakuwa na suala la nani ni raia wa nani, wala kama jamaa zake waliomba watu wasimame.

Niliposema haya darasani shuleni, kijana mmoja wa kidato cha sita, hodari sana wa kubishana (nami nampenda kwa hilo), alinikamata pabaya. Alisema: “Mwalimu, mbona kiwanja cha msikiti wa Mtume Madina kilikuwa na makaburi ya washirikina, na yeye mwenyewe akaamuru yafukuliwe?” Ni kweli, na imo katika Bukhari. Sikumjibu siku ile, nilimwambia nitarudi. Niliporudi nilimwambia hivi. Kwanza, wanazuoni wametofautiana kuhusu mafunzo ya tukio lile, wapo wanaosema makaburi ya wasio Waislamu hayana hukumu sawa na yetu, na sitawaficha kwamba kauli hiyo ipo na ina nguvu. Pili, hata ukiichukua kauli hiyo, tazama kilichofanyika: ardhi ilipatikana kwa wenyewe, Bani Najjar, waliokuwa wazawa wa mahali pale, haja ilikuwa ya umma mzima na ilikuwa wazi, wala hakuna aliyefukua ili auze kilichomo. Mtu anayeng'oa sakafu ya chumba walimolala mabaharia ili apate propela ya shaba hawezi kujifunika kwa shuka la Msikiti wa Madina. Kijana akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Na zile dharura nilizokuwa nikizieleza usiku ule zinasaidia kuona mpaka ulipo. Mafakihi wetu wa Kishafii wametaja maiti aliyezikwa bila kuoshwa, aliyezikwa katika ardhi au sanda ya kunyang'anya, au mali iliyoanguka kaburini. Angalia vizuri: kila moja ni haki inayodaiwa, ama ya maiti mwenyewe, ama ya mtu aliyedhulumiwa. Hakuna hata moja inayosema, kwa sababu kuna faida. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema meli iliyozama na watu isiguswe kamwe, iwe iwavyo. Manowari Royal Oak ilizamishwa Scapa Flow, Scotland, Oktoba 1939 na watu zaidi ya 830 wakafa humo. Kwa miongo mingi iliendelea kuvuja mafuta ndani ya ghuba ambayo watu wanaishi na kuvua. Jeshi lenyewe likatoboa matangi na kuyanyonya mafuta bila kuingia walimo wafu. Hiyo ni dharura ya walio hai, na imetekelezwa kwa adabu. Nyambizi ya Kirusi Kursk ilizama Agosti 2000 na watu 118. Familia ziliwataka wapendwa wao, ndani mlikuwa na mitambo ya nyuklia, na mwaka uliofuata ikainuliwa. Maiti 115 zilipatikana zikazikwa. Nani atasema wale akina mama walikosea kudai?

Tofauti basi haiko kwenye kuinua au kutoinua. Iko kwenye kuulizwa. Kursk wenye maiti walisikika. Bahari ya Java hakuulizwa mtu.

Najua watakaosema kwamba mnawatetea wafu na walio hai wana njaa. Mtaani kwetu vijana wanaokota skrepa na viroba mgongoni toka alfajiri, na wengine ni wanafunzi wangu wa zamani. Sina neno nao, riziki yao ni halali. Lakini tusimtumie kijana wa kiroba kumficha mwenye tishari. Mpiga mbizi maskini wa Java anayeshuka na mpira wa hewa mdomoni analipwa kidogo na anaweza kupooza au kufa. Anayepata ni mwenye kreni na mwenye tanuri. Ukitaka kumsaidia maskini kwa chuma, zipo meli kuukuu ngapi zinazooza bandarini bila ya mfupa wa mtu ndani?

Na hapa kwetu? Sisi hatuna hata mjadala. Meli ya Sultani, Glasgow, iliyozamishwa na Waingereza bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, ilikaa na milingoti yake nje ya maji hadi 1912, ndipo ikavunjwa na vipande kutupwa baharini kwa kuwa ilikuwa inazuia bandari. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozama katika delta ya Rufiji Julai 1915, ilikuwa inachokorwa na watafuta vyuma tangu miaka ya 1920 mpaka ikamezwa na matope. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watoto wanaupanda kupiga picha. Mwingereza Pegasus, aliyezamishwa na huyo Königsberg pale pale Unguja Septemba 1914, baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani, na makaburi yao yanaonekana hadi leo. Sina kinyongo nalo hilo. Kinachoniuma ni kwamba baharia wa Pegasus ana jiwe Chapwani, na mtu wetu wa Khedive Ismail ana jina tu katika ukuta wa kumbukumbu Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, na hakuna serikali ya Afrika Mashariki iliyowahi kusema hadharani kwamba meli ile ni kaburi la raia wake, asiiguse mtu mpaka atuulize. Haihitaji nyambizi wala bajeti. Inahitaji barua. Tanzania, Kenya na Uganda zina mabalozi London. Barua moja ya pamoja ingewatosha.

Jambo hili wanaolielewa haraka ni waliopoteza jamaa zao katika MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011. Hizo hazikuwa meli za vita, lakini waulize watu wa Unguja na Pemba ambao jamaa zao hawakuonekana, wakuambie maana ya kukosa pa kusimama na kutoa salamu.

Nilirudi kwa mzee na majibu niliyokuwa nayo. Nikamwambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemtaja aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi. Nikamwambia kwamba mafakihi wamekubali bahari iwe kaburi kwa anayefia safarini mbali na nchi kavu, na kwamba hukumu ya heshima haipotei kwa sababu juu yake kuna maji badala ya udongo. Aliniuliza kama anaweza kumsalia swala ya ghaibu. Hapa nilipata tabu, kwa sababu katika madhehebu yetu kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inaswihi kwa yule ambaye siku ya kifo alikuwa tayari ni mwenye kuwajibikiwa, na yeye alikuwa bado hajazaliwa. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupamba, na kwamba dua na sadaka hazina sharti hilo. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Basi nimechelewa kwa miezi,” akatabasamu.

Nilikuwa nimetafuta jina la baba yake katika orodha ya waliokufa vitani. Nilipata majina matatu yanayofanana, kila moja limeandikwa na karani ambaye bila shaka hakujua Kiswahili wala Kiarabu, herufi zimekaa ovyo. Nilimsomea polepole. Alitaka nirudie la pili. Halafu akasema hawezi kuwa na hakika, na kwamba tukiomba, tuwaombee wote watatu.